Masafa ya TV yaliyokaa bure vijijini yafunguliwe watu wayatumie bila leseni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee jambo ambalo magazeti yetu hayaligusi kabisa wakati sisi mafundi tunakutana nalo kila tukipanda juu ya paa la mtu. Mimi ni fundi wa antena, ving'amuzi na vyombo vya muziki, kazi zangu nafanyia mkoa wa Dodoma upande wa Chemba na Kondoa, na ninachotaka kusema ni hiki, yale masafa ya TV ambayo hakuna kituo kinachorusha chochote serikali iyafungue yatumike kupeleka intaneti vijijini, na iyafungue bila leseni kama ilivyo kwa waifai, tena ifanye mapema kabla hayajaingia kwenye mnada tukabaki tunaangalia.

Nianzie kwenye ving'amuzi maana hapo kila mtu anakumbuka. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam walizima analojia, ule mfumo wa zamani wa kurusha TV, mwanzoni mwa 2013 Dodoma na mikoa mingine ikafuata, na nchi yetu ikawa kati ya zile za mwanzo kabisa Afrika wakati tarehe ya mwisho ya kimataifa ilikuwa ni Juni 17, 2015, yaani tuliwahi miaka miwili na zaidi. Watu waliumia jamani. TV ziligeuka mapambo, wengine walikaa miezi bila kuona taarifa ya habari kwa sababu king'amuzi kilikuwa hela ndefu, na mimi ndo nilikuwa napigiwa simu kila saa fundi njoo TV imekuwa chenga tupu. Tukaambiwa tuvumilie kwa sababu analojia inakula masafa sana, kituo kimoja kinameza chaneli nzima, yaani kipande cha masafa cha megahezi 8 (megahezi ndo kipimo cha masafa), ila kwenye dijitali chaneli hiyo hiyo moja inabeba vituo kumi au kumi na tano hata na zaidi, kwa hiyo masafa mengi yatabaki na yatakwenda kwenye intaneti na wananchi watafaidi.

Na kweli yalibaki. Kipande cha juu, kile cha kuanzia megahezi 694 kwenda juu, kikahamishiwa kwa mitandao ya simu, masafa ya 700 yakapigwa mnada mwaka 2018 na makampuni yakanunua, serikali ikapata hela, sawa, sina ugomvi na hilo maana simu nazo zinahitaji pa kupita. Mimi naongelea kipande kilichobaki chini yake, kuanzia 470 hadi 694. Hicho bado ni cha TV. Ukikigawa kwa megahezi nane nane unapata chaneli 28, kuanzia namba 21 mpaka 48. Sasa huku kwetu ukiacha mjini Dodoma ni ngapi zinatumika? Makampuni yaliyopewa leseni ya kurusha dijitali kwa minara ya ardhini tangu mwanzo yalikuwa matatu tu kwa nchi nzima, kila moja linahitaji chaneli chache kwa eneo, na mitambo yao imekaa mijini kwenye watu wengi. Nikienda vijijini ndani huko nikaweka antena nzuri juu ya mlingoti nikawasha king'amuzi kisearch, inatembea kuanzia 21 mpaka mwisho inarudi na patupu. Ndo maana watu huko wamehamia kwenye madishi. Kwa hiyo hewani juu ya vijiji vingi kuna chaneli ishirini na kitu ambazo hakuna anayezitumia, usiku na mchana, mwaka mzima, tangu tuzime analojia mpaka leo.

Mtu atasema sasa si kuna waifai na kuna simu, hayo masafa ya TV yana nini cha ajabu. Yana kitu kikubwa sana na fundi yeyote wa antena anakijua. Waifai ya kawaida ipo kwenye megahezi 2,400, wimbi lake lina urefu wa sentimita kama 12 hivi, likikutana na ukuta wa tofali au mwembe wenye majani mabichi linachoka hapo hapo. Wimbi la TV la megahezi 500 lina urefu wa sentimita 60. Linapita kwenye miti, linajikunja kidogo kwenye kona ya kilima, linaingia ndani ya nyumba. Kwa nguvu ile ile na antena za aina moja, lile la 500 linafika kwa mbali likiwa na nguvu kama mara ishirini na tatu ya lile la 2,400 hata kabla hujahesabu miti. Na Kondoa ile ni vilima na mabonde kila upande, ukitaka kurusha waifai ya masafa ya juu kutoka mjini kwenda kijijini lazima mlingoti uonane na mlingoti mwenzake uso kwa uso, akikatiza mbuyu mmoja katikati kazi imeisha, unaanza kutafuta kilima kingine cha kuweka kituo cha kati, na kila kituo cha kati ni sola nyingine, betri nyingine, mlinzi mwingine. Masafa ya TV yanakuondolea sehemu kubwa ya huo mzigo.

Na hili sio la kufikirika. Mwaka 2013 wenzetu Kenya walifanya Nanyuki kule Laikipia, mradi ukaitwa Mawingu, Microsoft wakishirikiana na kampuni ya Indigo Telecom na serikali ya Kenya, wakaunganisha shule na zahanati kwenye maeneo ambayo hata umeme wa gridi hayana, vituo vyao vinatumia sola. Vipimo vyao walivyotoa vinasema kwenye chaneli moja tu ya megahezi 8 walipata mpaka megabiti 16 kwa sekunde kwa umbali unaofika kilomita 14, na nguvu ya kurushia ilikuwa wati 2.5. Wati mbili na nusu! Taa ya chumbani inakula zaidi ya hapo. Mwaka huo huo Cape Town eneo la Tygerberg waliunganisha shule kumi, wakakaa wanapima kama TV za majirani zinasumbuliwa, hazikusumbuliwa, na mamlaka yao ya mawasiliano ikaja kutoa kanuni rasmi mwaka 2018. Malawi walijaribu Zomba. Hata hapa kwetu mwaka huo huo wa 2013 Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Microsoft na kampuni ya UhuruOne walitangaza mpango wa kuwapa wanafunzi wa vyuo vya Dar intaneti ya bei nafuu kwa njia hii, na baadae Kondoa hapa hapa kukaanzishwa mtandao wa jamii wa majaribio wakiwemo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Kwa hiyo ukiniuliza kama inawezekana nakujibu ilishawezekana, tena kwenye udongo wetu. Kinachokosekana ni ruhusa ya kudumu, maana jaribio ni jaribio, linapewa kibali cha muda, muda ukiisha mitambo inazimwa au inabaki inaning'inia bila mtu kujua kesho yake ikoje, na hakuna mtu mwenye akili atakayeweka mtaji wake kwenye kitu cha namna hiyo.

Sasa nije kwenye neno bila leseni maana najua ndo litakalowashtua watu. Wakubwa wakisikia bila leseni wanaona fujo, kila mtu anarusha anachotaka, TV zinaganda. Lakini hebu tukumbuke waifai yenyewe imetoka wapi. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliamua kufungua vipande vya masafa ambavyo vilikuwa vinaonekana takataka, vile ambavyo majiko ya maikrowevu na mitambo ya viwandani inatoa kelele humo, ikasema mtu yeyote atumie bila leseni ilimradi nguvu iwe ndogo na asilalamike akisumbuliwa. Hakuna aliyejua kitakachotokea. Baada ya miaka kumi na kitu, 1997, ikatoka waifai ya kwanza, na leo iko kwenye kila hoteli, kila ofisi, kila simu iliyopo mfukoni mwa msomaji wa gazeti hili. Masafa yale yangepigwa mnada mwaka ule yangenunuliwa na kampuni moja mbili na leo tungekuwa tunanunua vocha ya waifai ya sebuleni kwetu. Uhuru wa kutumia bila kupiga hodi kwa mtu ndo uliofanya vifaa viwe vingi mpaka bei ikashuka, kijana wa Kariakoo anauza rauta kwa hela ambayo hata mwalimu anaimudu.

Tena kuna kitu nataka wasomaji wakijue kwa sababu mimi nafunga vyombo vya muziki, masafa haya ya TV tayari tunayatumia bila leseni na hakuna aliyekufa. Zile maiki zisizo na waya anazoshika MC ukumbini kwenye harusi, anazoshika mchungaji madhabahuni, anazovaa shehe kwenye kongamano, nyingi sana zinafanya kazi humo humo kwenye 500 na 600, katikati ya chaneli za TV. Angalia nyuma ya maiki au ndani ya sehemu ya betri utakuta namba imeandikwa. Kila Jumamosi Tanzania nzima maelfu ya watu wanarusha mawimbi kwenye chaneli tupu za TV wakimkaribisha bwana na bibi harusi, na mama jirani anaangalia tamthilia yake bila tatizo lolote. Kwanini? Kwa sababu nguvu ni ndogo na fundi anachagua chaneli ambayo haina kituo. Basi hicho tunachofanya kwa kubahatisha na sikio ndicho wenzetu wamekiwekea utaratibu wa kompyuta.

Na wenzetu wenyewe walipigana sana kabla ya kufika hapo, naomba nilielezee hili kidogo maana lina funzo kwa TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano. Marekani mjadala ulianza rasmi 2004. Upande mmoja walikuwa Google, Microsoft na wenzao, upande mwingine chama cha vituo vya TV na redio, pamoja na watu wa michezo ya jukwaani, makanisa na wanamuziki waliokuwa na hofu na maiki zao, mpaka Dolly Parton, yule mama wa muziki wa kantri, aliandika barua kwa FCC mwaka 2008 akipinga. Na hofu yao haikuwa ya kijinga. Wazo la mwanzo lilikuwa kifaa chenyewe kisikilize hewani, kikisikia kuna TV kinanyamaza, kisiposikia kinarusha. Mwaka 2007 FCC walipima vifaa vya mfano na kimoja cha Microsoft kikashindwa mtihani, hakikuweza kugundua vizuri TV na maiki. Sababu mtu wa antena anaielewa haraka sana, kifaa kimekaa ndani ya nyumba chini ya meza, kuta zimekizunguka, hakisikii kituo, kinadhani chaneli iko wazi, wakati jirani ana antena juu ya paa mita kumi angani anakipata kituo kile kile safi kabisa, sasa kifaa kikianza kurusha jirani picha inaganda vipande vipande. Kwa hiyo kusikiliza peke yake hakutoshi.

Novemba 4, 2008 makamishna wote watano wa FCC wakapiga kura ya ndio, kwa masharti, na 2010 wakarekebisha kanuni wakaacha kutegemea kusikiliza, wakaweka kanzidata, yaani daftari la kwenye kompyuta linaloonyesha nani anatumia chaneli ipi na wapi. Hapa ndo penye utamu wa jambo lenyewe. Kifaa kabla hakijarusha kitu kinatakiwa kijue kiko wapi, kinaingia kwenye intaneti kinaiuliza kanzidata mimi niko hapa, nitumie chaneli ipi na kwa nguvu kiasi gani, kanzidata inaangalia vituo vya TV vilivyopo eneo hilo na maiki zilizosajiliwa halafu inakipa orodha, na kwa kanuni zile kifaa kilitakiwa kirudi kuuliza tena angalau kila siku. Kikikosa jibu kinazima matangazo yake. Vile vya kufunga mahali pamoja vikaruhusiwa wati 4, vya kubeba mkononi miliwati 100, na kwa vijijini wameendelea kulegeza, mwaka 2020 wakapandisha mpaka wati 16 kwenye maeneo yenye watu wachache. Mji wa Wilmington kule North Carolina ukawa na mtandao wa kwanza wa aina hiyo mwaka 2012. Uingereza nao wakaja na utaratibu wao wa kanzidata mwishoni mwa 2015. TV zao bado zinaonekana.

Kwa mtu ambaye haya mambo ya kanzidata yanamchanganya niseme hivi, ni kama wale wanaolima mahindi kwenye hifadhi ya barabara. Kila mtu anajua ardhi ni ya barabara, hujengi nyumba pale, hupandi minazi pale, ila mwaka ambao barabara haipanuliwi unavuna mahindi yako na unalisha watoto, siku wakija na greda unaondoka bila kudai fidia. Kituo cha TV kikitaka chaneli yake Chemba mwakani kinaipata siku hiyo hiyo, kanzidata inabadilishwa na vifaa vyote vinahama vyenyewe. Mwenye haki ya kwanza anabaki ni TV.

Halafu kwa hapa kwetu hiyo kanzidata ni kazi ndogo kuliko Marekani. Marekani wana vituo vya TV zaidi ya elfu moja, kila kimoja na mnara wake na nguvu yake, juu ya hapo wana mipaka na Canada na Mexico. Sisi mitambo ya kurusha dijitali ni ya kuhesabika, na TCRA wenyewe ndo wanaogawa hayo masafa kwa hiyo kila mtambo uko kwenye makabrasha yao, uko wapi, una urefu gani, unarusha chaneli ipi. Wape vijana wa vyuo kama UDOM au DIT au wa pale COICT data hiyo na ramani ya milima, watakuletea kanzidata inayofanya kazi, na hela itakuwa ndogo kuliko ya mnara mmoja. Sioni sababu ya kwenda kukodi huduma hiyo nje.

Najua kuna watakaosema huyu fundi anaota, mbona hata huko walikoruhusu haikuenea kama waifai. Ni kweli na siwezi kulificha, ndo sehemu inayoniuma zaidi. Vifaa vimebaki bei juu. Viwango vya kutengenezea vifaa hivyo viliandikwa, kimoja 2011 na kingine 2014, lakini viwanda havikutengeneza chipu kwa wingi, hakuna simu wala laptopu iliyokuja na redio ya masafa hayo ndani yake, kwa hiyo mtu ananunua kifaa kilichotengenezwa kwa mamia wakati rauta ya waifai inatengenezwa kwa mamilioni. Na viwanda havikutengeneza kwa sababu nchi nyingi zilisita, na nchi zimesita zikisema vifaa hakuna, kuku na yai. Nanyuki kwenyewe biashara ya Mawingu iliendelea kukua ila kwa kutegemea zaidi redio za kawaida za masafa ya juu maana ndo zinazopatikana dukani kwa bei ya kueleweka. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba tukifungua leo kesho kila kijiji kina intaneti. Ninachosema ni kwamba anayetakiwa kuvunja huo mzunguko ni mwenye ruhusa, na mwenye ruhusa ni serikali, kiwanda hakiwezi kuanza. Nchi zetu za Afrika Mashariki zikiwa na kanuni zinazofanana, chaneli za megahezi 8 zile zile, nguvu zile zile, hilo ni soko la watu zaidi ya milioni mia mbili ambao wengi wanaishi vijijini, mtengenezaji gani ataliacha. Uganda na Kenya tayari wameshaandika miongozo yao ya kutumia masafa haya. Sisi tuliowatangulia wote kuzima analojia tunakuwaje nyuma kwenye kuvuna faida yake?

Sasa kuhusu minara ya simu. Mwaka 2023 serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na mimi naipongeza kwa moyo wote, kuna vijiji nilikuwa nikienda kufunga dishi inabidi nipande kichuguu ndo nimpigie mke wangu, leo simu inaita ndani ya nyumba. Ila mnara wa simu unamletea mtu bando, na bando linalipiwa na mtu mmoja mmoja kwa hela yake ya vicoba. Shule ya sekondari ya kata yenye wanafunzi mia tano haiwezi kuishi kwa bando la mwalimu mkuu. Zahanati inayotakiwa kutuma taarifa za wagonjwa kwa mfumo inatumia simu ya nesi, nimeshaona nesi anahama na simu anatafuta upande wenye mtandao na foleni ya kina mama inamsubiri, hii sio sawa. Mkongo wa Taifa, ule waya mkuu wa intaneti, umeshafika mikoani, intaneti ya jumla ipo mjini, shida ni zile kilomita kumi, kumi na tano za mwisho kutoka pale kwenda kwenye kata. Hizo kilomita ndo saizi kabisa ya masafa ya TV. Ofisi ya wilaya inaweka antena moja, shule tatu na zahanati mbili zinapokea, na ndani ya shule wanagawana kwa waifai ya kawaida kwenye simu na kompyuta zozote walizonazo. Mafundi wa kufunga tupo, antena ni ndugu moja na hizi tulizofunga miaka yote, nyaya zile zile, mlingoti ule ule, hakuna haja ya kuleta mtaalamu kutoka ng'ambo kila upepo ukiigeuza.

Na hapo ndo leseni inapoua. Ukiweka utaratibu wa leseni ya kawaida, ada ya maombi, ada ya mwaka, andiko la biashara, kampuni iliyosajiliwa, basi mwenye kuweza ni yule yule mwenye mtandao wa simu ambaye vijiji hivyo alishavipigia hesabu akaona havilipi. Kamati ya shule haitaomba leseni ya masafa. Ushirika wa wakulima wa alizeti hautaomba. Kijana aliyemaliza diploma ya eletroniki akarudi kwao Haubi hataomba, ataona ile fomu ataenda kuendesha bodaboda. Mimi sisemi pasiwe na sheria. Kifaa kipimwe na TCRA kama wanavyopima simu, kiwe na muhuri wake, kisajiliwe kwenye kanzidata kinapofungwa ili kikisumbua kijulikane kiko wapi, na anayevuruga azimiwe. Lakini mtumiaji asiombe ruhusa ya kutumia hewa tupu, kama ambavyo leo haombi ruhusa kuwasha waifai.

Kuna hatari nyingine inayonifanya niandike sasa hivi na nisisubiri. Masafa haya ya 470 mpaka 694 yanatolewa macho na makampuni ya simu dunia nzima. Kwenye mkutano mkubwa wa dunia wa masafa uliofanyika Dubai mwishoni mwa 2023 yalikuwa mezani, nchi nyingine zinataka yabaki ya TV, nyingine zinataka yaende kwenye simu, na mjadala huo haujaisha. Mnada unaleta hela ya mara moja hazina na mimi naelewa serikali inahitaji hela. Ila mwenye kununua ananunua nchi nzima na anatumia mjini, na akishanunua chaneli inakuwa tupu kijijini lakini ina mwenyewe, hapo hata hiyo kanzidata haitusaidii kitu. Tukiwa na kanuni inayosema kinachobaki bila kutumika eneo fulani kinaweza kutumika na wengine mpaka mwenyewe afike, basi hata huo mnada ukija hauwezi kutufungia mlango wote.

Wenye vituo vya TV nao nawaelewa, wamewekeza, na digitali ikikatakata mteja anamtukana fundi kwanza halafu anamtukana mwenye kituo. Waitwe mezani mapema, wapewe nafasi ya kuona kanzidata na kuisahihisha, wapewe namba ya kupiga pakiwa na usumbufu. Na wenye makanisa, misikiti, kumbi za harusi na bendi pia waitwe, maiki zao ziachiwe chaneli moja mbili kwa kila eneo ambazo vifaa vya intaneti havigusi kabisa, Marekani waliwatengea hivyo mwanzoni na ikapunguza kelele sana.

Kuna jambo moja ambalo TCRA wanaweza kulifanya hata kabla ya kanuni yoyote, halihitaji bunge wala bajeti kubwa. Watoe orodha kwa kila wilaya, chaneli ipi kuanzia 21 mpaka 48 ina kituo na ipi haina, waiweke wazi kila mtu aione, shule zione, madiwani waone, mafundi tuione. Kwa sasa hivi mwananchi hana njia ya kujua kiasi gani cha hewa yake kimekaa bure, anategemea fundi apande juu na antena. Orodha ya Chemba na Kondoa mimi niko tayari kuwasaidia kuihakiki bila malipo, kilima kwa kilima, vifaa ninavyo.

Nashukuru kwa nafasi, ndugu Mhariri.

Fundi antena,
Chemba, Dodoma